Upasuaji wa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo: urudi nyumbani siku hiyo hiyo au ulale hospitali?

Kwa miaka mingi, kusikia kwamba mtu anakwenda kupasuliwa tumbo kulimaanisha jambo moja kwa familia za vijijini. Mgonjwa analazwa, ndugu mmoja anahamia hospitali kumhudumia, na shughuli za nyumbani zinasimama wiki nzima au zaidi. Sasa hali inabadilika. Hospitali kubwa za ukanda wetu, zikiwemo Muhimbili ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi, zinafanya upasuaji kwa kupitia matundu madogo badala ya mkato mrefu wa tumbo. Duniani kote, mojawapo ya upasuaji unaofanywa sana kwa njia hii ni ule wa kuondoa kifuko cha nyongo chenye mawe.

Katika nchi kama Uingereza na Marekani, wagonjwa wengi wa upasuaji huu huingia hospitali asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Wengine hulala usiku mmoja. Je, aliyelala hospitali anapona vizuri zaidi kuliko aliyerudi nyumbani? Na jibu lililopatikana huko ughaibuni linamfaa pia mtu anayeishi kijijini, ambako gari la mwisho huondoka saa 10 jioni? Katika makala hii tunaeleza utafiti unasema nini, na kwa nini kwa msikilizaji wetu wa kijijini umbali wa nyumbani ni jambo kubwa kuliko kitanda chenyewe.

Tatizo linaanzaje?

Kifuko cha nyongo ni kiungo kidogo kilicho chini ya ini, upande wa kulia wa tumbo. Kazi yake ni kuhifadhi nyongo inayotengenezwa na ini, kisha kuimimina kwenye utumbo mdogo tunapokula, hasa chakula chenye mafuta. Wakati mwingine nyongo huganda na kuwa mawe. Watu wengi hukaa na mawe hayo miaka mingi bila kujua. Shida huanza jiwe linapoziba njia ya kutokea.

Maumivu yake huja kwa ghafla juu ya tumbo, katikati au upande wa kulia. Mara nyingi huja baada ya mlo wa mafuta, na yanaweza kwenda hadi mgongoni au kwenye bega la kulia. Huku kwetu wengi huambiwa ni vidonda vya tumbo au gesi, wakanywa dawa hizo kwa muda mrefu bila nafuu. Kipimo cha altrasaundi ndicho huonyesha mawe.

Wanawake hupata mawe haya zaidi kuliko wanaume. Lipo pia kundi jingine ambalo ni kubwa kwetu: watu wenye selimundu, wengine husema siko seli. Chembe zao za damu huvunjika haraka, na mabaki yake huongeza uwezekano wa mawe kujitengeneza kwenye nyongo, hata kwa watoto na vijana.

Mawe yakianza kuleta maumivu ya mara kwa mara, tiba ya kudumu ni kuondoa kifuko chote. Mtu anaweza kuishi bila kifuko hicho. Ini huendelea kutengeneza nyongo, ila sasa inatiririka moja kwa moja hadi kwenye utumbo.

Kutoka wiki 6 hadi saa chache

Daktari Carl Langenbuch wa Berlin, Ujerumani, ndiye aliyeondoa kifuko cha nyongo kwa upasuaji mara ya kwanza, mwaka 1882. Mgonjwa wake alikaa hospitali wiki 6. Kwa zaidi ya miaka 100 njia ikabaki ile ile: mkato mrefu chini ya mbavu, siku kadhaa wodini, na wiki nyingi za kupona.

Mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, alikiondoa kifuko hicho kwa kupitia matundu madogo. Baada ya hapo njia hiyo ilienea haraka. Kufikia mwaka 1990 madaktari wa Nashville, Marekani, walikuwa tayari wameandika kuhusu wagonjwa walioruhusiwa siku ile ile ya upasuaji.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Mgonjwa hupewa nusukaputi akalala kabisa. Daktari hutoboa matundu, kwa kawaida 4, makubwa kati yake yakiwa na upana wa sentimita 1 hivi. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kupata nafasi ya kufanyia kazi. Kamera ndogo huingizwa kwenye tundu la kitovuni, na daktari hufanya kazi huku akitazama skrini. Anabana na kukata mrija wa kifuko pamoja na mshipa wake wa damu, anakibandua kutoka kwenye ini, kisha anakitoa.

Kwa kuwa misuli ya tumbo haikukatwa sana, maumivu ni machache na mgonjwa hutembea mapema. Idara ya afya ya Uingereza, NHS, huwaeleza wagonjwa wake kuwa kupona kwa njia hii huchukua kama wiki 2, wakati upasuaji wa mkato mrefu huchukua wiki 6 hadi 8.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2013 mtandao wa kimataifa wa watafiti uitwao Cochrane ulikusanya majaribio 6 yaliyolinganisha makundi haya mawili. Wagonjwa wote walikuwa 492. Kati yao 239 walipangiwa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na 253 walipangiwa kulala hospitali usiku mmoja.

Matokeo yalikuwa na pande mbili. Kwanza, usalama haukuonekana kutofautiana. Waliorudi nyumbani hawakupata madhara makubwa zaidi ya waliolala. Pili, na hili watu wengi hawalitaji, kurudi nyumbani mapema hakukuharakisha kupona. Maumivu, kurudi kwenye shughuli za kawaida, kurudi kazini: katika yote hayo tofauti ya maana haikuonekana.

Kwa maneno mengine, kitanda cha hospitali hakiponyi kidonda haraka zaidi, na kitanda cha nyumbani nacho hakina uchawi. Mwili hupona kwa mwendo wake.

Hata hivyo watafiti wenyewe walionya kuwa majaribio hayo yalikuwa madogo na yenye kasoro. Sisi tunaongeza jambo la kuzingatia. Upasuaji wa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo haupewi kila mtu. Hupewa mtu aliyepangiwa siku yake mapema, ambaye hana ugonjwa mwingine mkubwa, ana mtu mzima wa kukaa naye usiku ule, na anaweza kurudishwa hospitali kwa haraka. Ukiyaondoa masharti hayo, usiseme tena kwamba utafiti umekuhakikishia usalama.

Usiku mmoja unalinda nini?

Ili kuelewa faida ya kulala, tuangalie matatizo yanayoweza kutokea na muda wake.

Saa chache za mwanzo ndizo za kichefuchefu, kutapika, maumivu makali, kushindwa kukojoa, na kwa nadra, damu kuvuja ndani ya tumbo. Haya ndiyo wauguzi hufuatilia kwa kupima mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Ndiyo maana hata anayerudi nyumbani hawekwi kwenye gari mara tu anapozinduka. Huangaliwa kwa saa kadhaa, na haruhusiwi mpaka awe anatembea, anakunywa bila kutapika, amekojoa, na maumivu yake yanatulizwa na vidonge tu. Mtu aliyefanyiwa upasuaji asubuhi ana muda wa kutosha wa kuangaliwa. Aliyefanyiwa alasiri mara nyingi hana, na hiyo ni moja ya sababu za kawaida za mtu kulazwa bila kutarajia.

Lakini yapo matatizo ambayo usiku mmoja haukamati. Baya zaidi ni kuvuja kwa nyongo au kuumizwa kwa mrija mkuu wa nyongo. Kuumizwa kwa mrija huo hutokea kwa nadra, takriban wagonjwa 3 hadi 5 kati ya kila 1000. Dalili zake mara nyingi hujitokeza baada ya siku kadhaa. Mgonjwa aliyelala hospitali usiku mmoja naye atakuwa ameshafika nyumbani dalili hizo zikianza. Maambukizi ya vidonda nayo huonekana baada ya siku kadhaa.

Kwa hiyo usiku mmoja ni ulinzi wa saa 24 za mwanzo tu. Kuanzia siku ya 2 hadi mwisho wa wiki ya kwanza na zaidi, wagonjwa wote wawili wanalindwa na kitu kimoja: uwezo wa kuitambua hatari na kurudi hospitali.

“Nyumbani” ni wapi?

Hapa ndipo hesabu ya mwanakijiji inapotofautiana na ya mkazi wa mjini. Tuchukue mfano wa wagonjwa wawili wanaofanyiwa upasuaji huu Mwanza mjini, siku moja, na wote wana afya njema. Mmoja anaishi Igoma, pembeni ya jiji. Mwingine anatoka kisiwa cha Ukerewe.

Mkazi wa Igoma akianza kutapika saa 5 usiku, atapanda bajaji na kufika hospitali muda si mrefu. Mkazi wa Ukerewe ana ziwa mbele yake. Usiku hakuna safari ya kawaida ya kuvuka. Atasubiri kuche, wakati damu inayovuja haisubiri. Upasuaji ni ule ule na miili inafanana, lakini kumruhusu wa kwanza jioni ni uamuzi salama, na kumruhusu wa pili avuke ziwa jioni hiyo ni kubahatisha.

Umbali huu haupimwi kwa kilomita peke yake. Mtu wa Sengerema zamani alipaswa kungoja kivuko pale Busisi ili afike Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, anaweza kupita hata usiku, ingawa ramani haijabadilika. Kwingineko barabara inayopitika kiangazi hugeuka tope masika, na bodaboda aliyekubali mchana hukataa usiku. Kinachohesabika ni muda wa kufika hospitali yenye daktari wa upasuaji, usiku, katika majira uliyomo.

Zahanati ya kijijini ni msaada mkubwa kwa kubadilisha bandeji na kuangalia kidonda. Lakini haiwezi kufungua tumbo linalovuja damu.

Nani analipia usiku ule?

Kwa hospitali, kumruhusu mgonjwa jioni ni nafuu. Kitanda kinabaki kwa mama aliyepata ajali au mtoto mwenye homa kali. Katika wodi zilizojaa, hiyo ni faida ya kweli kwa jamii nzima, na msikilizaji asidhani kuwa daktari anayemruhusu mapema anamfukuza.

Ila gharama ya usiku ule haipotei, inahama tu. Kwa anayeishi jirani, inakuwa ndogo sana. Kwa anayetoka mbali, inakuwa chumba cha gesti kwa mgonjwa na ndugu yake, chakula cha kununua, na nauli ya kurudi hospitali kwa uangalizi. Familia isiyo na pesa hizo itapanda basi jioni ile ile, kwa saa nyingi, na mgonjwa akiwa bado na kizunguzungu cha nusukaputi.

Jambo hili linakuja wakati mifumo ya malipo inabadilika. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya nayo iliacha mfuko wa NHIF na kuanza na SHA mwezi Oktoba 2024. Nchi zinapopanga bima italipia nini, inakuwa rahisi kuandika kwamba upasuaji huu ni wa siku moja na kuweka bei moja kwa wote. Kwa mtazamo wetu, mpango wa namna hiyo utamwonea mtu wa mbali. Usiku mmoja wodini kwa mgonjwa anayeishi mbali uhesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, kwa sababu kwake yeye ndiyo njia ya kupata usalama ule ule anaoupata mtu wa mjini akiwa nyumbani kwake.

Ipo pia njia ya tatu ambayo si ngeni kwetu. Katika baadhi ya wilaya za Tanzania, wajawazito wanaoishi mbali hukaa kwenye nyumba maalumu karibu na hospitali wakisubiri kujifungua. Nyumba kama hiyo kwa waliotoka upasuaji ingegharimu kidogo kuliko kitanda cha wodini, na ingemweka mgonjwa dakika chache kutoka kwa daktari. Mpaka hapo zitakapokuwepo, nyumba ya shangazi au mjomba anayeishi mjini ndiyo hufanya kazi hiyo.

Nani asiharakishe kurudi?

Wapo ambao hata wakiishi karibu, kwa kawaida ni bora walale. Nao ni mtu aliyepasuliwa kwa dharura, kifuko kikiwa kimevimba na kina maambukizi. Mwenye macho ya njano au jiwe lililoshuka kwenye mrija mkuu. Mwenye ugonjwa wa moyo, mapafu au kisukari kisichotulia. Na mtu asiye na wa kukaa naye usiku. Wenye selimundu huhitaji maandalizi ya pekee kabla ya upasuaji na uangalizi baada yake, ili wasipungukiwe maji, wasipate baridi wala kukosa hewa ya kutosha.

Vilevile daktari anaweza kuanza na matundu madogo kisha akalazimika kufungua tumbo kwa mkato mrefu kwa ajili ya usalama. Hilo si kosa. Lakini likitokea, mgonjwa atalazwa siku kadhaa, hivyo familia ijiandae tangu mwanzo.

Ukishafika nyumbani

Maumivu huwa makali zaidi siku 1 hadi 2 za mwanzo, kisha hupungua kila siku. Usishtuke bega likiuma: ni gesi iliyobaki ndani inayosumbua kiwambo cha chini ya mapafu, nayo huisha yenyewe. Kunywa dawa za maumivu kwa saa ulizoelekezwa, usingoje mpaka uzidiwe. Tembea polepole ndani ya nyumba kuanzia siku ya kwanza, kwa kuwa kulala tu huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Usiendeshe pikipiki, usinywe pombe na usifanye uamuzi mzito kwa saa 24 baada ya nusukaputi.

Kazi nyepesi huwezekana ndani ya wiki 1 hadi 2. Lakini ushauri unaotolewa mijini huzungumzia kurudi ofisini, si shambani. Kubeba ndoo ya maji, kupasua kuni, kutwanga na kulima kwa jembe vyote hukaza misuli ya tumbo. Muulize daktari wako muda wa kila kazi kwa jina lake. Wengi hushauriwa kuacha kubeba mizigo mizito kwa wiki 4 hadi 6. Familia igawane kazi hizo mapema, hasa kama aliyepasuliwa ni mama wa nyumba ambaye kila mtu humtegemea.

Rudi hospitali mara moja, bila kungoja siku ya kliniki, ukiona lolote kati ya haya:

- maumivu ya tumbo yanaongezeka badala ya kupungua, au tumbo linavimba
- homa au kutetemeka kwa baridi
- kutapika kusikokoma
- macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, au choo kuwa cheupe
- damu au usaha kwenye tundu
- kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma
- kizunguzungu, jasho la baridi na moyo kwenda mbio

Maswali ya kuuliza kabla ya siku ya upasuaji

Usingoje mpaka jioni ya kuruhusiwa ndipo uanze kuuliza. Siku unapopangiwa tarehe, muulize daktari au muuguzi: Nitafanyiwa asubuhi au mchana? Mimi nafaa kurudi siku hiyo hiyo, na kama sifai ni kwa nini? Nikilala usiku mmoja nitalipa kiasi gani, na bima yangu inalipia? Nikipata shida usiku nipige namba gani, na nani atapokea? Nyuzi zitatolewa lini, na zahanati ya kijijini kwetu inaweza kuzitoa?

Kisha wewe mwenyewe mwambie daktari mambo ambayo hawezi kuyaona kwenye karatasi ya vipimo: unatoka kijiji gani, safari ni ya saa ngapi, usiku kuna usafiri au hakuna, nani atakuwa nawe, na kama simu yako hupata mtandao huko. Daktari wa mjini anaweza kudhani unaishi mtaa wa pili. Mgonjwa anayesema wazi, “Kwetu usiku hakuna gari,” anampa daktari habari yenye uzito sawa na kipimo cha damu.

Ukipewa ruhusa ya kurudi siku hiyo hiyo, na una mahali pa kulala karibu na hospitali, mtu mzima wa kuwa nawe na simu yenye chaji na salio, huna sababu ya kuogopa kwamba umenyimwa uponyaji. Na kama huna hayo, kuomba usiku mmoja wodini si woga. Omba mapema, na ueleze sababu yake.